Mwisho Chupa Nne kwa Kila Kadi

Jumapili, 9 Machi 2014
Nimeliwahi gazeti kabla mke wangu Doreen hajaamka. Kurasa mbili nzima za kuponi za punguzo! Kanisani jirani yetu Verna akanionyesha risiti: shampuu chupa nne, kalipa senti themanini. Akaniambia, kwa sauti ya kumpa mgonjwa pole, kwamba si kila mtu ana kipaji. Nimeumia. Mahubiri sikuyasikia.

Jumatatu, 10 Machi
Duka la dawa linauza shampuu ya punguzo mwisho chupa nne kwa kila kadi ya uanachama. Nimemaliza kadi yangu. Nimemaliza na ya Doreen.

Jumanne, 11 Machi
Doreen amezikuta nyuma ya mashine ya kufulia. Akanikumbusha kwamba chumba cha chini hakipitiki na kwamba mimi nina upara. Nimeapa: basi. Hakutaka kiapo. Alitaka kitu kimoja tu, kesho niwe naye kaburini. Ni siku ya kuzaliwa ya mama yake, Irene, ya kwanza tangu tumzike Oktoba. Hawezi kwenda peke yake, alisema. Nikamwambia asiwe na shaka.

Jumatano, 12 Machi
Aibu. Sijui nianzie wapi.
Tulipita duka lile lile la dawa kuchukua maua. Doreen akabaki garini. Rafu ya shampuu iko njiani kuelekea kwenye maua, hilo si kosa langu. Kuponi nilikuwa nazo mfukoni, hilo ni kosa langu. Kadi husomwa kwa namba ya simu, Irene naye alikuwa na yake, na namba ya nyumbani kwake naikumbuka kuliko yangu. Nikaibonyeza. Punguzo likakubali!
Kisha mashine ikatoa karatasi ya rangi. Keshia, binti mchangamfu aitwaye Tameka, akaisoma kwa sauti iliyofika hadi kwenye dawa za kikohozi: "Hepi bethdei, Irene! Duka zima linakutakia miaka mingi!" Akanitazama upara. Akasema, kwa heshima, "Hongera, mzee wangu."
Nyuma yangu alikuwa Doreen. Alikuja kuniambia mama yake alipenda maua ya njano.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
"Siku ya leo, Wendell," alisema. "Kwa jina la mama."
Akachukua maua, akaenda kaburini peke yake. Nimerudi kwa miguu, maili mbili, na chupa nne.

Alhamisi, 13 Machi
Doreen amesema sentensi moja tu tangu jana: nikamtoe mama yake kwenye ile mashine. Nimelala kwenye kochi. Nimejiona mtu mdogo sana.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda. Nimemwomba Tameka amfute Irene. Akauliza kama nina hakika, maana pointi zake zitapotea. Nikamwambia zipotee. Nilitokwa na machozi kidogo, na nadhani si kwa ajili ya pointi.
Nikamwandikia Doreen ujumbe: nimemtoa. Akajibu, "Asante, mzee. Njoo ule." Moyo ukashuka mahali pake.
Nilikuwa nimeshafika mlangoni Tameka aliponiita. Mwanachama mpya wiki hii anapewa dawa ya meno bure, je, nyumbani hakuna mwingine?
Nikafikiri. Nikatoa namba ya simu ya ofisi ya kanisa. Jina nikaandika Pretzel.
Ni mbwa wetu, lakini yuko hai.