Tulipu Juu ya Bomba Jipya

Jumatatu, 16 Februari
Theluji imefunika ua mzima, hata tuta langu. Miaka kumi na tisa bomba la zamani la maji moto ya kupashia jengo joto lilipita kando ya tuta hilo likivujisha joto, nami nikapata tulipu kabla ya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi. Kila mwaka ua la kwanza lilikuwa la Bi Halina, mjane wa ghorofa ya tatu. Kiangazi kilichopita watu wa kampuni ya joto wakafukia mabomba mapya, yaliyovikwa povu gumu na ganda la plastiki tangu kiwandani. Sasa joto lote linaingia nyumbani. Nani aliwaomba? Chumba changu ni tanuri. Nalala dirisha wazi. Bogumil, jirani wa ghorofa ya chini, anayasifu mabomba hayo. Kaniuliza, "Vipi, jirani, maua yamelala fofofo?"

Jumanne, 17 Februari
Nimemwagia tuta birika sita za maji yanayochemka. Adhuhuri likawa barafu. Nimeteleza. Bogumil ameona.

Alhamisi, 19 Februari
Siku mbili za sururu. Mgongo basi tena. Nimelifikia bomba, mita moja chini. Nimeligusa: baridi! Ndani maji ya nyuzi tisini, nje baridi kama pua ya mbwa. Nimetoboa tundu dogo kwenye povu kwa keekee, chuma sikukigusa. Lipumue kidogo. Nimefukia. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 21 Februari
Wamejua. Mafundi wawili wa kampuni ya joto. Hawakuuliza mtu, walipima kutoka kona ya jengo, wakasimama penye tuta langu. Nikasema pana fuko anayechimba hapa. Mkubwa wao akaeleza, bila hasira, kwamba ndani ya povu mna nyaya: unyevu ukiingia, mashine ofisini inataja ulipoingia, mpaka mita. Wakachimba. Akalitazama tundu.

"Mzee, fuko wako ana keekee ya milimita nane."

Walizima joto la jengo zima kwa saa tano, wakague chuma na kuziba. Bi Halina alishuka ngazi kavaa koti, akiuliza nani kafanya haya. Bogumil akamjibu.

Jumapili, 8 Machi
Tuta bado jiwe. Bogumil amempelekea Bi Halina tulipu tatu nyekundu, alizoziotesha dirishani, juu ya kipasha joto chake. Anasema kwa mabomba haya hata kipofu angeotesha. Wamekula keki ya mbegu za mpopi hadi saa kumi.

Nimefikiri sana. Koki ya joto la Bogumil iko kwenye chumba cha chini ya jengo, na ufunguo wa chumba ninao. Nusu mzunguko tu wa kuifunga. Hakuna atakayejua.

Nimefungua na dirisha la pili, lile la juu ya kipasha joto changu. Joto halivumiliki.