Msimamizi wa Mbuzi Siku za Mafuriko

Jumatatu, 8 Aprili
Mvua siku ya tano. Mwenyekiti wa mtaa ameitisha kikao: mto ukifurika, nani atawaokoa wanyama? Nikainua mkono. Muuza nyama naye akainua. Nikauliza kwa upole kama ni busara kumkabidhi mbuzi mtu yule. Watu wakacheka, nikapitishwa kuwa msimamizi.

Marehemu baba alikuwa daktari wa mifugo. Wakati wa mafuriko ya utotoni mwangu aliwapandisha wanyama wote hadi ukumbi wa shule, kule mlimani. Bado nakumbuka harufu ya manyoya yaliyolowa, na baba akimnywesha ndama maziwa kwa chupa, kamfunika koti lake la kazini. Yeye walimwita Baba wa Wanyama. Mimi wananiita Fundi Zipu.

Jumanne, 9 Aprili
Sikupokea nguo za wateja. Nimeshona vitambaa vya shingoni ishirini na vitatu, kila kimoja na jina la mwenye mnyama. Dada ameuliza tunawapandisha lini. Nimemwambia mambo huenda kwa utaratibu. Akasema baba hakushona kitu. Alianza kwa kufungua kamba. Dada hupenda kujifanya alimjua baba kuliko mimi. Kweli ndiye aliyembebea mkoba wa dawa. Mimi nilikuwa naogopa mbuzi.

Jumatano, 10 Aprili
Nimekusanya uani mbuzi kumi na tisa, punda wa muuza maji na mbwa watatu, niwavishe kwanza. Mbuzi wamekula vitambaa saba. Nimewafunga wote kwenye nguzo hadi nishone vingine. Muuza nyama kapita, akasema maji yamefika darajani, tuwapandishe sasa. Nikamjibu nitamwita nikimhitaji. Wivu tu.

Alhamisi, 11 Aprili
Asubuhi, maji uani, magotini. Kamba zimelowa, mafundo hayafunguki, mbuzi wadogo wanaparamia migongo ya wakubwa. Mkasi sikuuona. Nikasimama pale, nikamwita baba. Miaka thelathini hayupo, nami nikamwita.

Dada akaingia na kisu cha jikoni, nyuma yake muuza nyama na chake. "Wewe shika vichwa, sisi tukate," dada akasema. Punda alipofunguliwa akatangulia, wengine wakamfuata mlimani. Mbuzi mmoja mchanga alikwama. Muuza nyama akamtia ndani ya shati, akapanda naye huku akimbembeleza. Nilimsikia. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Ijumaa, 12 Aprili
Tuko ukumbini. Harufu ileile. Dada kaketi sakafuni, mbuzi mchanga mapajani, chupa mkononi. Ukimtazama ubavuni, ni baba mtupu. Nikakaa karibu yake, nikamuuliza kama baba angenikasirikia.

"Angekwambia ushike chupa," akasema.

Nikashika. Sikuiachia hadi mbuzi aliposhiba.

Jumapili, 14 Aprili
Maji yamepungua. Wanyama wote ishirini na watatu wazima. Kikao kimempa dada usimamizi, muuza nyama awe msaidizi wake. Nilipiga makofi, tena kwa moyo.

Ila nimetafakari. Kilichokosekana ni utaratibu zaidi. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba wasimamizi nao wanahitaji msimamizi. Jibu bado. Sare ya cheo hicho nimeshaikata: mikono mirefu, mifuko minne.