Kuni Zilizokwenda Kanisani

Jumatatu, 4 Novemba

Barua imefika kutoka Durban. Bwana Naicker, anayenunua theluthi ya chai yetu, anasema kuanzia mwakani hatanunua kwa kiwanda kisichoweza kumweleza kinafanya nini kuhusu moshi na misitu. Anakuja mwenyewe Ijumaa. Ametanguliza fomu yenye swali moja kubwa: kukausha kilo moja ya chai kunakula kilo ngapi za kuni?

Mkurugenzi, Mama Msukwa, ametuita wawili. Mimi, Limbani Kaphuka, afisa uhusiano wa kiwanda cha Nakumbira, miaka kumi na moja kazini, tai shingoni hata kwa joto hili la Thyolo. Na Tiyamike Likoya, fundi mkuu wa boila, miaka mitatu kazini, majivu hadi kwenye nyusi. Mama Msukwa amesema Naicker akituacha, wachumaji mia mbili watarudi makwao. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akaongeza kwamba anatafuta meneja wa mazingira. Meneja atapewa ile nyumba ya kilimani yenye baraza.

Tiyamike akasema jibu analo. Kilo mbili na nusu. Kapima mwenyewe, miezi sita mfululizo. Nikasema namba hiyo inaweza kuwa ya kweli lakini haina adabu.

Jioni nikaijaza fomu na kuituma. Nusu kilo. Namba fupi, haichoshi msomaji.

Jumanne, 5 Novemba

Bango.

Tiyamike alikuwa ametengewa mabati arobaini aezeke banda la kuni. Hoja yake ni kwamba kuni mbichi na zilizonyeshewa hutoa moshi mwingi na moto haba, na zikikaa kavu miezi kadhaa boila itakula kidogo zaidi. Nimemweleza Mama Msukwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kununua chai kwa sababu ya paa. Nimepewa mabati yote arobaini. Saa kumi bango lilikuwa limesimama njia panda, kubwa kuliko shule: CHAI ISIYO NA MOSHI.

Kupiga picha kulikuwa na taabu. Kila nilikosimama, dohani ilitokea nyuma yangu ikifuka. Nilimwomba Tiyamike azime moto dakika kumi tu. Akasema majani yaliyo kwenye mashine yataharibika, na kwamba boila si kibatari. Nimepigwa picha nimeuelekea Mlima Mulanje, moshi ukanizunguka kwa upande wa kushoto. Mpiga picha anasema ataufanya uwe mawingu.

Mke wangu Alinafe, anayefundisha sayansi darasa la saba, ameuliza moshi wenyewe umekwenda wapi. Nimemjibu kwamba hilo ni swali la kitaalamu. Akasema darasani kwake watoto wangelimaliza kabla ya uji.

Jumatano, 6 Novemba

Miti. Nimeahidi kwenye fomu miti elfu kumi. Kitaluni kuna miche mia mbili na kumi na miwili. Bibi Nachuma, mtunza kitalu, amekataa kuitoa. Mvua haijafika, anasema, na miaka miwili sasa inachelewa. Ukipanda leo unazika. Nikamwambia mgeni naye anakuja Ijumaa, na hatakuja na mvua.

Tumeipanda yote kando ya barabara ya kuingilia. Ilipendeza sana kuanzia saa nne hadi saa sita. Saa sita mbuzi wa nyakwawa, mkuu wa kijiji, walikuja kunywa maji.

Imebaki miche tisa. Nimeamuru yakatwe matawi ya mikaratusi na kuchomekwa ardhini mahali pa iliyoliwa. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Bibi Nachuma alitazama zoezi lote, kisha akaenda nyumbani kabla ya saa ya kutoka.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo nimefikiri kama meneja.

Tatizo ni rundo la kuni. Limelala nyuma ya kiwanda kama meli iliyokwama. Mtu anayeambiwa nusu kilo, akiliona rundo lile, atauliza maswali. Tiyamike amekwenda Blantyre kutafuta kipuri cha pampu, na foleni ya petroli itamchelewesha. Nafasi imejileta yenyewe.

Nimechukua trekta mbili na matela. Hadi saa tisa kuni zilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee wa kanisa, Bwana Kachale, alipokea kila tela kwa kuvua kofia. Mwishoni akatoa machozi na kusali. Sikuelewa kwa nini, ila niliitikia amina.

Sikuwa mzembe. Niliacha kuni za kutosha hadi Jumatatu mchana. Nilipiga hesabu kwa uangalifu, kwa kutumia namba ya kwenye fomu.

Ijumaa, 8 Novemba

Bwana Naicker amefika saa mbili. Mtu mfupi, mpole, viatu vya kutembelea shambani. Alisimamisha gari kwenye miti yangu. Ilikuwa imenyauka kidogo. Akaushika mmoja, ukaja wote mkononi.

Akasema, "Huu hauna mizizi."

Nikasema ni aina ya huku.

Akaurudisha taratibu kwenye shimo lake, akapanda gari. Kwenye bango akasimama tena. Aliinua macho hadi dohani, akayashusha hadi kwenye maneno, akayainua tena.

Saa nne, tukiwa kwenye chumba cha kukaushia, feni zilianza kupunguza mwendo. Kisha zikanyamaza. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na moja, sijawahi kusikia kimya kile. Tiyamike, ndiyo kwanza karudi kutoka Blantyre, aliingia ameshika koleo.

"Kaka Limbani, kuni zangu ziko wapi?"

Mama Msukwa alinigeukia. Bwana Naicker pia. Nikasema ziko kanisani.

"Zimekwenda kusali?"

Nilieleza kwamba ni utaratibu wa muda. Hakungoja nimalize. Majani ya asubuhi nzima yalikuwa kwenye mashine, nusu yameiva, yanaanza kutoa harufu ya uchachu. Kazi ya wachumaji mia mbili tangu alfajiri.

Kanisani mambo hayakuwa mepesi. Mzee Kachale alisimama mlangoni. Sadaka hairudishwi, alisema. Jana wameziombea, na akina mama wamekwisha kupasua za kupikia mkutano wa Jumapili. Nilimweleza kwamba palitokea kutoelewana kiroho. Alizidi kuziba mlango.

Tiyamike ndiye aliyesogea. Alivua glavu akamwambia kila kitu: kwamba zilifichwa ili mgeni asizione, kwamba mgeni ndiye huyu hapa, kwamba majani yanaoza tukiongea. Hakupunguza neno.

Mzee alimtazama mgeni, akanitazama mimi. "Kwa hiyo mliificha aibu yenu kwenye nyumba ya Mungu."

"Ndiyo, baba," Tiyamike akasema, ingawa yeye hakuificha.

Mzee akaondoka mlangoni. Zilizopasuliwa zikabaki kwa akina mama, zilizosalia tukachukua. Bwana Naicker alivua koti akabeba magogo na wengine. Mimi nilisimamia.

Feni zilirudi saa saba. Majani ya asubuhi yalikwishakufa. Yamemwagwa kwenye shimo la mboji. Wachumaji walisimama ukingoni wakitazama. Mmoja alisema ni kama kuchuma jua.

Baadaye tukakaa ofisini. Bwana Naicker akaweka fomu mezani, akauliza nani aliandika nusu kilo. Nilikuwa nikichunguza dari. Mama Msukwa akamwambia Tiyamike aseme.

Akasema. Kilo mbili na nusu. Mwaka jana tatu. Banda likiezekwa na mabomba yakifungwa yasipoteze joto, anaona mbili. Chini ya hapo hajui bado, na anayejua amfundishe. Kisha, bila kuulizwa, akasema kwamba si kuni zote zinatoka kwenye shamba letu la mikaratusi. Tela moja kati ya tano hukatwa msitu wa kilimani, pale ambapo kimbunga kilipopita udongo ulishuka na daraja.

Mama Msukwa alifumba macho. Mimi nilianza kufikiria salamu za kumuaga mgeni.

Bwana Naicker aliisukuma fomu kando. "Mwaka huu nimesoma fomu ishirini na moja," akasema. "Zote nzuri. Hii ndiyo namba mbaya ya kwanza kuisikia, na ndiyo ya kwanza kuiamini."

Atanunua mwaka mmoja, kisha atarudi kutazama. Masharti mawili. Msitu wa kilimani usiguswe tena. Na namba ya kuni iandikwe kwenye ubao langoni kila siku, nzuri au mbaya, kila apitaye aisome.

Jumatatu, 11 Novemba

Bango limeteremshwa. Limeezekwa kwenye banda la kuni, maandishi yakitazama chini, kwa hiyo sasa kuni pekee ndizo zinazosoma kwamba hazina moshi.

Tiyamike ni meneja wa mazingira. Nyumba ya kilimani ameikataa, eti iko mbali na boila. Amewapa wachumaji waigeuze mahali pa kulelea watoto wachanga. Nimepita. Kuna nepi kwenye baraza.

Mimi Mama Msukwa hakunifukuza. Amesema nina kipaji cha kupenda namba, nitapima kuni na kuandika ubaoni. Alinafe alipika nsima, ugali wetu, na samaki aina ya chambo, akanipongeza kwamba hatimaye nimepata kazi yenye jibu sahihi.

Jumanne, 19 Novemba

Wiki ya pili mizanini. Mvua ya kwanza imenyesha. Bibi Nachuma anapanda miche mipya bila kuniomba ushauri.

Nimepata muda wa kuyatafakari maneno ya Bwana Naicker, na somo naona liko wazi kabisa, ajabu ni kwamba hakuna mwingine aliyeliona. Watu wa Durban wanapenda namba mbaya. Namba nzuri aliisoma akatuona waongo. Mbaya aliisikia akabeba magogo.

Leo mizani imesema kilo mbili na robo. Nilikaa nikiitazama. Namba dhaifu. Haimsisimui mtu. Kuni zikikauka itazidi kushuka, na tutafika mwakani tukiwa na sifa nzuri tu kama wale ishirini na mmoja.

Nimeandika nne. Kwa herufi kubwa, chaki nyekundu.

Tiyamike amepita langoni saa tano. Amesimama mbele ya ubao muda mrefu sana, kisha akanigeukia. Nadhani ni wivu.