Ambulansi Yenye Miguu

Siku Abner Nyangate aliposikia kwamba diwani wa Ekerenyo anatafuta ambulansi, aliingiza mkono mfukoni akaikuta.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Ambulansi ilitoshea kiganjani: nyeupe, msalaba mwekundu ubavuni, milango ya nyuma inafunguka, magurudumu ya mpira. Ukiivuta na kuizungusha, inatoa kichwa, mikono na miguu, anasimama mtu wa bati. Abner aliipata kwa kumla baharia mmoja kwenye karata huko Mombasa.

"Hii ni sampuli, mheshimiwa," alimwambia diwani Joash Angwenyi, bomani kwake. "Kiwanda kiko Japani, wakala ni mimi. Kubwa yake inakuja ukitoa amana. Hata yule fahali wako mwekundu pale zizini anatosha."

Mchinjaji mmoja wa Kisii mjini alikuwa tayari anamngoja fahali huyo.

Angwenyi akavaa miwani, akaanza ukaguzi. Alifungua milango. Akanusa matairi. Akamsimamisha mtu wa bati mezani, akamzunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Akisimama hivi, mgonjwa yuko wapi?"

"Kifuani. Anakumbatiwa."

"Na kama ni mama mjamzito?"

"Anakumbatiwa polepole."

"Matope je?"

"Ikikwama inasimama, inatembea yenyewe mpaka hospitali."

Diwani akavua miwani. "Yaani barabara haihitajiki?"

"Barabara ya nini tena, mheshimiwa?"

Tangu achaguliwe, Angwenyi hakuwa ameambiwa neno tamu kama hilo. Watu wake hubeba wagonjwa kwa machela, na machela nyingi hugeuka njiani zikarudi nyumbani. Yeye hutuma rambirambi. Kwa rambirambi hana mpinzani.

"Njoo Jumapili na kamba yako," alisema. "Sampuli niachie, watu waione."

Jumapili Abner alikuta uwanja wa shule umejaa. Mtu wa bati alisimama juu ya kitambaa cheupe, mbele ya kapu la michango. Diwani akamkabidhi fahali hadharani, akashika kipaza sauti.

"Fahali huyu ni wa bwana huyu! Nimempa mwenyewe, mmeona. Lakini mgeni wetu wa heshima amekataa kula cha wagonjwa. Anamtoa kwa harambee!"

Vigelegele vikapasua uwanja. Mama mmoja mzee, Bitutu, akamkumbatia Abner akilia. "Mwanangu, Mungu akuzidishie!"

Mgeni wa heshima anayeondoka kwenye harambee bila kutoa kitu bado hajazaliwa Gusii. Abner akaiachia kamba kidole kimoja kimoja.

"Mheshimiwa, umeniibia," alinong'ona.

"Tabasamu, ndugu. Mpiga picha huyo."

Fahali akapigwa mnada. Mokeira, mke wa diwani, alitaja bei ya kuku. Askari wa diwani wakageuka kuwatazama watu, kama kuna mwingine mwenye kuongeza. Hakuwepo. Fahali hakuhitaji hata kuonyeshwa njia. Alikwenda zake bomani alikotoka.

Abner akanyoosha mkono mezani achukue kidude chake. Kiganja cha diwani kilikuwa kimetangulia.

"Taratibu, bwana wakala," alisema Angwenyi, akikitia mfukoni. "Hii sasa ni mali ya umma."