Mlango wa Buluu Usiofunguka

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kaniita. Kasema kona yangu ya kufuli humu dukani kwake haina mteja, na hiyo tovuti ninayojisifia, wiki nzima kaingia mtu mmoja, tena mimi. Isipopata wageni mia ifikapo Jumamosi, kona anapewa Miwani, fundi simu wa meza ya pili. Miwani alishaanza kuipima kwa futi kamba.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Kuna ukurasa mtandaoni unakuonyesha watu wa mtaani kwako wanatafuta maneno gani, na mara ngapi kwa mwezi. Unayabandika kwenye tovuti yako, wanakuja wenyewe kama sisimizi kwenye sukari. Nikachungulia. "Fundi kufuli": mara nne. "Kuchonga funguo": sita. "Mlango wa buluu usiofunguka": mia tatu na kumi.

Mlango wa buluu naujua mmoja tu. Wa stoo, nyuma ya kiti changu. Nani kama mimi?

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika: "Mlango wa buluu usiofunguka? Uko hapa kwa bingwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na picha yake juu. Kufika mchana, wageni sitini na wawili. Miwani kasema hao wamepotea njia. Nikamwambia aliyepotea ndiye mteja mzuri, haulizi bei.

Kasoro ndogo: hawabonyezi namba ya simu. Wanafungua picha ya mlango, wanaitazama dakika arobaini, wanaondoka. Kila mmoja arobaini. Hazizidi, hazipungui.

Alhamisi, 6 Machi
Simu ya kwanza. Bibi mmoja, sauti ya upole, kaniita mwanangu. Kauliza kama bado umefungwa. Nikasema umefungwa mama, ila kwangu mimi ni kazi ya dakika tano. Akasema basi nisikae nimeupa mgongo. Akakata.

Nikamuuliza shemeji mle stoo mna nini. Kasema stoo ipi, mbona nyuma ya mlango ule ni barabara. Nikazunguka nje. Kweli. Ukuta mtupu, hauna hata tundu la panya. Nimegeuza kiti. Kwa ajili ya mwanga tu.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni tisini na saba! Nikarudi kuangalia maneno. "Mlango wa buluu usiofunguka": sifuri. Lipo jipya: "fundi aliyefungua mlango wa buluu". Mia tano. Na mimi kitasa sijakigusa.

Miwani akachungulia begani kwangu, akasoma. Kasema ndugu yangu, kona baki nayo, Mungu akubariki. Kahamishia meza kibarazani. Nimeshinda.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji anakuja saa nne kuhesabu wageni. Bado watatu. Nimechungulia maneno ya leo: "fundi aliyefungua mlango wa buluu yuko wapi". Mia tisa! Na hakuna tovuti nyingine hata moja yenye maneno hayo. Soko zima langu.

Ila kujiita fundi aliyefungua kitu hujakifungua ni utapeli, na mimi utapeli nimeacha. Nimetoa vifaa. Havikuhitajika, kitasa kimezunguka chenyewe. Ndani pako vizuri tu, kuna viti, watu wamekaa kimya wamenipa mgongo.

Nimewawekea wateja tangazo kwenye tovuti, wasihangaike kunitafuta: "Fundi yuko ndani. Sukuma mlango, uingie."