Mabuti ya Kuadhinia

Alhamisi, 3 Julai 2003

Kikao cha kamati ya msikiti baada ya alasiri. Baba ameacha uadhini. Hasa si yeye aliyeacha, ni magoti yake. Miaka arobaini na moja amewaamsha watu wa kitongoji hiki, na sasa hawezi kuvuka ua bila fimbo. Nikasimama nikasema nafasi ya baba ni ya mwana. Watu wakaanza kukagua mikeka. Omari mwenye duka akasimama naye, akasema kwa upole (upole wa Omari naujua) kwamba yeye analala hatua ishirini kutoka mlango wa msikiti, na mimi nalala shambani, kilometa tatu, ng'ambo ya kijito. Akaongeza kwamba Shafii tunampenda, ila Shafii na alfajiri hawajawahi kujuana. Wakacheka. Hata Maalim Hashimu, imamu wetu, nilimwona akijifuta mdomo kwa ncha ya kilemba.

Uamuzi: nipewe wiki moja, Jumatatu hadi Jumapili. Nikichelewa mara mbili, kipaza sauti ni cha Omari.

Nimemweleza baba. Alisema tu kwamba kusi ikivuma anakisikia kipaza sauti mpaka kitandani kwake, na kwamba angependa, kabla hajaondoka duniani, asikie ameacha mtu pale. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Nitaadhini. Kikwazo ni kimoja tu: miguu yangu. Umande wa Julai, baiskeli, majani yanayopiga vifundo njia nzima, halafu ufike ukatie miguu hiyohiyo kwenye birika la msikiti. Mwalimu Mathayo, mtu wa Makete kwenye milima ya baridi, husema pwani hakuna baridi, tunajidekeza. Mwalimu Mathayo hajawahi kutawadha kwenye birika letu.

Ijumaa, 4 Julai

Mungu hamtupi mja wake. Leo kwenye darasa Maalim amefundisha habari za khufu, zile soksi za ngozi za watu wa zamani. Kumbe mtu akishatawadha na kuosha miguu vizuri, akavaa khufu, basi kwa muda wa siku moja na usiku wake haoshi tena miguu. Anapangusa juu kwa mkono wenye maji, yamekwisha. Nimekaa darasa lile miaka yote hii na leo ndiyo mara ya kwanza nimenyoosha mkono kuuliza swali. Maalim alifurahi mno, masikini.

Nimeandika masharti kwenye kiganja. Zivaliwe mtu akiwa na udhu. Zifunike vifundo. Ziwe imara za kutembelea. Zisipitishe maji. Nikauliza je, lazima ziwe soksi. Akasema muhimu ni masharti. Nikauliza je, buti. Akanitazama kidogo, akasema buti safi lenye masharti hayo halina ubaya. Nikauliza je, mtu akilala nalo. Hapo darasa likafungwa.

Mpango ni huu. Naosha miguu alasiri, kwa maji ya ndoo yaliyoshinda juani. Navaa mabuti. Nalala nayo. Alfajiri napanda baiskeli miguu ikiwa na joto lake, nafika, napangusa, naadhini. Omari akaoshe yake birikani.

Jumamosi, 5 Julai

Mtwara mjini. Nimemkuta Fredi wa mitumba amefungua belo la viatu vya Ulaya. Nimechagua kwa makini sana, nusu saa nzima, nikisoma kiganja changu.

La kwanza: gambuti. Maji halipitishi, lakini ndani baridi kama mtungi, na juu ya pedeli linateleza. Nikalikataa. La pili: buti la kijeshi. Ngozi nzuri, ila lina matundu ya kamba kumi na sita, na mimi naogopa maswali ya Maalim kuhusu tundu moja moja. Nikalikataa. La tatu, Fredi alilitoa chini kabisa ya belo, kwa mikono miwili. Jeusi, linafika katikati ya ugoko, ndani manyoya, juu zipu na kifuniko cha kunata. Chini ya unyayo kuna kipande cha chuma. Fredi aliapa kwamba ni mabuti ya kuendeshea baiskeli kwenye theluji, na chuma kile kinaishika pedeli mguu usiteleze. Tukalijaza maji ya kopo, tukasubiri. Halikutoa hata tone. Tukalimwaga, tukalikausha kwa fulana ya Fredi.

Saizi arobaini na nne. Mimi ni arobaini na moja. Fredi akasema nafasi inayobaki ndiyo inayotunza joto. Kijana msomi.

Fedha sikuwa nayo. Bahati nzuri nilikuwa nimeondoka nyumbani na jogoo wa mke wangu Sabra, kwa tahadhari tu.

Jumapili, 6 Julai

Sabra ameuliza jogoo yuko wapi. Nikamwambia awe na subira, kuna habari njema. Nikamwonyesha mabuti. Aliyageuza juu chini. Akaniuliza kama yanawika.

Sijaelewa alikuwa anaelekea wapi.

Alasiri nimetawadha kwa maji ya jua, nimevaa. Raha niliyoipata siwezi kuiandika. Miguu imekuwa kama maandazi kwenye kapu. Sabra ameona napanda nayo kitandani, akachukua mto wake, akaenda kulala na binti yetu Farida.

Jumatatu, 7 Julai

Nimechelewa.

Nilipoamka niliona mwanga kwenye ufa wa mlango. Miguu ilikuwa imenibembeleza, mwili mzima ukafuata, na hapakuwa na kiumbe wa kuniamsha. Nikamuuliza Sabra kwa nini hakunigusa. Akanijibu, Baba Farida, hiyo kazi alikuwa nayo jogoo.

Lakini baya zaidi ni baba. Nilimkuta ameketi kitandani, kofia kichwani, uso umeelekea msikitini. Alikuwa ameisikia sauti ya Omari. Alisema ni sauti nzuri. Alisema mara mbili.

Imebaki nafasi moja.

Jumanne, 8 Julai

Baba ameniamsha mwenyewe. Ametoka banda lake hadi dirishani kwangu kwa fimbo, na nikihesabu magoti yale, lazima alianza safari mapema sana. Nilimwambia asirudie. Akasema yeye huwa macho saa hizo tangu kabla sijazaliwa, na mtu akiwa macho afanye kazi.

Nimefika kwa wakati. Lakini chuma! Nilipotaka kushuka, mguu wa kulia ulikuwa umeng'ang'aniwa na pedeli. Nikaanguka na baiskeli mbele ya mlango wa msikiti, taratibu, kama mti uliokatwa. Omari alikuwa pale, mswaki mdomoni. Alininyanyua, akaniegemezea baiskeli ukutani, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Nikapangusa, nikaingia, ko, ko, ko juu ya saruji. Maalim akanionyesha mkeka: nyayo nne za tope. Akasema buti safi, Shafii, nilisema safi. Niyavue. Nikamwambia nikiyavua si itanibidi nioshe miguu? Akasema naam, na amefurahi kuona darasa nimelielewa.

Nimeosha birikani. Omari alikuwa ananishikia tochi.

Nimeadhini, lakini kusi haikuvuma. Baba hakusikia kitu.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata dawa ya tope. Mifuko ya rambo, ile ya plastiki! Navalisha kila buti mfuko wake wakati wa safari, nafunga kwa mpira wa tyubu, nikifika navua mfuko, buti safi. Nilijisifu njia nzima mpaka mfuko wa kulia ulipoingia kwenye cheni.

Nimeutoa kwa meno. Nimefika dakika moja kabla ya wakati, uso una grisi, nusu ya mfuko imening'inia kwenye mguu. Maalim alifumba macho akaelekea kibla. Nimepangusa! Miguu mikavu, mikeka safi, masharti yote yametimia. Watu kumi na wawili msikitini na hakuna aliyenipongeza.

Upepo leo umetoka upande mwingine. Baba aliuliza kama niliadhini kweli.

Alhamisi, 10 Julai

Kila kitu sawasawa. Mifuko nimeifunga juu ya goti, chuma nimekipaka mafuta ya nazi. Jamaa wananitazama, wanaanza kuelewa wako na mtu wa aina gani. Baada ya swala nilimweleza Omari kwa ufupi, kama robo saa, faida za mabuti. Akaniuliza kama nimeona mwezi unavyojaa. Nikamwambia mimi naongea habari za viatu.

Upepo hamna.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekaa chini ya dari ya msikiti naandika, kwa kuwa nguo zangu zimeanikwa. Mwezi unakaribia kujaa, kwa hiyo bamvua, maji ya bahari hupanda kuliko kawaida. Omari alitaka kuniambia hilo jana, lakini nilikuwa na mada yangu.

Kijito chetu siku za kawaida ni matope ya kufika kifundoni. Alfajiri ya leo bahari ilikuwa imepanda kupitia mikoko, imekaa pale, imetulia. Nikasema nina mabuti yasiyopitisha maji. Nikaingia. Katikati ya kijito maji yakafika magotini, yakaingia kwa juu, na hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo Fredi hakulitaja: buti lisiloruhusu maji kuingia haliyaruhusu kutoka. Kila mguu ulikuwa debe. Nikavuta zipu, mchanga umeikaba. Nikaisukuma baiskeli, ikazama kwenye tope. Nikageuka nyuma, nikaona taa ya baba. Ameiwasha kila siku tangu Jumanne, aone nikipita kijitoni, ingawa najua kwa macho yale haoni kitu.

Nikalia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia mtu mzima, nimesimama kwenye maji, kwa sababu ya viatu.

Kisha nikakaa chini humohumo, nikavuta kwa nguvu zote. Mungu ambariki Fredi kwa saizi arobaini na nne. Miguu ilichomoka, mabuti yakabaki kwenye tope. Nikaiacha na baiskeli. Nikakimbia peku kilometa mbili, juu ya umande, miiba na kila kitu.

Nilipofika Omari alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti, ameangalia saa yake. Wakati ulikuwa umeingia. Nikajua yamekwisha. Akanigeukia akasema saa yake hii siku hizi inakimbia, nikaoshe miguu haraka. Saa ya Omari haijawahi kukimbia, kitongoji kizima tunafuturu kwayo.

Nikaosha birikani. Sikumbuki kama maji yalikuwa baridi. Nikasimama pale aliposimama baba, natetemeka meno mpaka magoti, nikaadhini.

Na kusi ilikuwa inavuma.

Jumamosi, 12 Julai

Jana sikuweza kumuuliza. Leo, baada ya kurudi (peku, baiskeli niliyoiopoa jana topeni ikiwa begani, nimefika kwa wakati), nimekaa naye, nikamuuliza kama alisikia.

Alisema alisikia. Alisema sauti ilikuwa inatetemeka. Nikaanza kujitetea, kijito, zipu. Akanizuia kwa mkono. Akasema hata yake ilikuwa inatetemeka, miaka arobaini na moja, kwa sababu ya birika lile. Watu walidhani ni unyenyekevu, walikuwa wakija kumwambia kwamba sauti yake inawatia machozi, naye hakuona haja ya kuwasahihisha. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema alipoisikia jana alidhani anaota, kwamba ni yeye tena yuko pale.

Akanishika mguu, bila kutazama, kama mtu anayekagua muhogo. Akasema bado wa baridi. Akaufunika kwa shuka lake.

Jumapili, 13 Julai

Kamati imekaa baada ya swala. Uadhini ni wangu! Aliyetoa hoja ni Omari mwenyewe. Kisha akaenda dukani, akarudi na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa ukambaa, akasema ni zawadi kwa muadhini mpya, asije akachelewa. Nilimbeba hadi nyumbani. Sabra alimpokea. Alisema jogoo huyo sasa ni wa msikiti, na nisimguse.

Jioni nimekaa peke yangu kuipima wiki hii, kama inavyompasa mtu mwenye dhamana. Nimejifunza mengi. Nimetafakari bila kujipendelea kosa lilikuwa wapi, nami nimeliona: mabuti yalikuwa mafupi.

Maana Mwalimu Mathayo, aliyerudi leo kutoka mjini, ananiambia Fredi amefungua belo jipya. Ndani yake kuna suruali ya mpira iliyoungana na mabuti yake, wanavaa wavuvi wa Ulaya, inafika hadi kifuani. Maji hayana pa kuingilia. Masharti yote manne inayo, na zaidi. Mathayo alidhani ananichekesha.

Kesho baada ya alfajiri naenda Mtwara. Jogoo wa Omari nimemtazama vizuri. Kifua kipana, sauti ya kiongozi. Fredi atampenda.