Nyigu, Kabati na Kitambaa Chekundu

Jumatatu, 4 Machi

Hukumu imetolewa wakati wa chai ya jioni. Banda la nyuma ya nyumba litabaki na pikipiki moja tu! Mke wangu ni fundi cherehani, kazi zimemzidi, na anataka nusu ya banda aweke meza ya kukatia vitambaa. Amesema wenye pikipiki ni wawili, mimi na kaka yake anayekaa chumba cha uani, kwa hiyo tukae chini tuamue nani anauza yake. Na asisikie kelele.

Kelele zilikuwepo. Shemeji anadai yake ndiyo pikipiki, yangu ni mashine ya kufukuzia mbu. Ati kwa sababu ya moshi! Mtu mwenyewe anaendesha kabati lenye magurudumu! Yangu ni nyepesi, naweza kuinyanyua nyuma kwa mkono mmoja. (Siku za kawaida, miwili.) Injini ya mipigo miwili, ile inayokunywa oili pamoja na petroli. Mwanzoni utadhani imelala. Ukiikaza mafuta kidogo zaidi, mama yangu! Inakurusha. Ndiyo maana nikaiita Nyigu. Nampenda kuliko ninavyopaswa kuandika hapa.

Nikaropoka: tushindane Jumamosi, uwanja wa mbio nje ya mji, mizunguko mitano. Atakayeshindwa anauza. Shemeji akakubali haraka mno, sikupenda. Mke wangu naye akakubali, akachukua futi yake ya kupimia na kwenda kupima banda.

Jumanne, 5 Machi

Mkakati: wepesi. Baada ya kazi nimempeleka Nyigu kwa fundi, nikamwambia ang'oe kila kisichosaidia kukimbia. Vioo, nje. Taa za kona, nje. Stendi, nje. Pampu ya oili, nje! Hapo fundi amejikuna kichwa. Amesema pampu ndiyo inayoilisha injini oili. Nikiitoa itabidi nichanganye oili na petroli mwenyewe kwenye dumu, na siku nikitia petroli tupu injini itakauka, pistoni itang'ang'ania kwenye silinda, nitabaki nasukuma. Nimemjibu kwamba wakimbiaji wa kweli huchanganya wenyewe. Ameuliza wakimbiaji gani. Maswali mengine hayana adabu.

Mke wangu ameona vioo mezani. Amesema kabla ya kung'oa vioo ningeanza na kitambi. Nimesusa chakula cha jioni, nusu kwa hasira, nusu kwa mkakati.

Baadaye: nimekula mkate jikoni. Lakini nimesimama. Chakula cha kusimama hakihesabiki.

Alhamisi, 7 Machi

Pikipiki isiyo na stendi haisimami. Hili sikuwa nimelifikiria.

Nimemwegemeza Nyigu kwenye ukuta wa ofisi ya maji, ninakofanya kazi dirisha la malalamiko. Ameteleza. Ameiangukia baiskeli ya mkuu wa ofisi. Mkuu amekuja dirishani kwangu, amepanga foleni nyuma ya wateja, na zamu yake ilipofika akalalamika. Ningefanya nini? Nimemsikiliza, nikamwambia lalamiko lake litashughulikiwa. Ameongeza kwamba nanuka oili iliyoungua. Hilo nimelichukua kama sifa.

Jioni tumejaribu mwendo barabara ya nyuma. Kwenye kona nimemla shemeji mzimamzima. Tatizo, barabara yetu ina kona moja. Kwenye sehemu nyoofu amenipita huku akinipungia mkono, tena polepole, kama mtu aliye dirishani. Na uwanja wa mbio una nyoofu ndefu!

Nimeingiwa na hofu, sitaficha. Nimekaa bandani nimelishika tangi la Nyigu. Mchana kutwa nasikiliza watu wasio na maji. Nikitoka, napiga kiki, na kabla ya kufika nyumbani nimeshakuwa mtu mwingine. Nikimuuza, jioni nitarudi vilevile nilivyotoka. Sitaki. Lazima nitumie akili.

Ijumaa, 8 Machi

Akili imekuja!

Bandani kuna madumu mawili yanayofanana. Moja lina petroli tupu. Lingine lina petroli niliyochanganya na oili, na shingoni nimelifunga kitambaa chekundu, kipande cha mke wangu, ili nisikosee. Nyumba nzima inajua kwamba chekundu ni cha Nyigu. Nilijigamba mwenyewe mezani.

Sasa, kesho shemeji atahitaji petroli, nami nitamkarimu. Injini yake ni ya mipigo minne, haitaki oili kwenye petroli. Itakohoa, itafuka moshi, itachoka. Haitakufa. Mimi si mnyama.

Ila hawezi kukubali dumu lenye kitambaa, si mjinga kiasi hicho. Kwa hiyo (hapa ilibidi niweke kalamu chini nicheke kwanza) nimekivua kitambaa kwenye dumu la mchanganyiko na kukifunga kwenye dumu la petroli tupu! Kesho nitamkaribisha lile lisilo na kitambaa. Atajimiminia mwenyewe. Na atasema asante!

Mke wangu ameingia akauliza nacheka nini. Nimesema nimekumbuka lalamiko la mteja. Amenitazama sana.

Jumamosi, 9 Machi

Kiuno kinauma. Nina majani hata masikioni. Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Tuliwabeba Nyigu na Kabati kwenye gari la mizigo, matangi yakiwa makavu, kwa ajili ya wepesi. Uwanjani nikamkaribisha shemeji dumu lisilo na kitambaa. Akalitazama, akauliza kama hilo silo lile la oili. Nikamwonyesha kitambaa chekundu kwenye dumu la pili na kujitia kuudhika kidogo. Akamimina. Akasema asante! Ningekuwa na sauti ningepiga vigelegele.

Mke wangu akatokea, ingawa alishasema hana muda wa kutazama watu wazima wakikimbizana. Alikuja na kiti na chupa ya chai. Mara tukaitwa mstarini. Harakaharaka nikachukua dumu la Nyigu, lile la kitambaa chekundu, nikajaza tangi, nikavaa kofia, nikapiga kiki.

Mizunguko ile ya mwanzo! Kabati linanipita kwenye nyoofu, nalila kwenye kona. Linanipita, nalila. Likaanza kufuka moshi. Shemeji akawa anageuka kutazama nyuma, watu wananyoosha vidole. Mzunguko wa nne nikawa mbele peke yangu, na nikamsikia mke wangu akipiga kelele. Ananishangilia mimi, si kaka yake! Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Nikaona ajabu moja. Nyuma yangu hakukuwa na moshi. Hata kidogo. Nikajiambia: Nyigu amepona!

Ndipo gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Kimya. Mtelezo mrefu. Majani.

Nikiwa nimekaa kwenye majani nikakumbuka kitambaa.

Shemeji akapita akikohoa na kufuka kama jiko la kuni mbichi, akamaliza. Mke wangu alikuja mbio na chupa ya chai, akanipapasa mabega, akauliza kama nimevunjika. Tukamsukuma Nyigu pamoja hadi kwenye gari, yeye nyuma, mimi mbele. Hakunicheka. Nilimpenda sana dakika ile. Nikaamua kumwambia ukweli wote, nikafungua mdomo. Akaniwahi, akasema pole mume wangu, angalau umeshindana kwa haki.

Nikafunga mdomo.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amekuja kunipa pole kwa heshima isiyovumilika. Amesema fundi amekuta oili kwenye petroli yake, bila shaka kituo cha mafuta kimetuuzia uchafu. Nimeungana naye kukilaani kituo. Tumekilaani hadi chai ikapoa.

Mke wangu amekumbusha: Nyigu aondoke bandani kabla meza haijaja.

Jumatano, 13 Machi

Nyigu ameondoka bandani. Meza imeingia, nimeibeba mwenyewe upande mmoja, na nimesifiwa.

Hakuna aliyeniuliza ameondoka kwenda wapi. Kwanza hakuna pikipiki ya kuuza. Kuna fremu nyuma ya kabati la nguo, magurudumu chini ya kitanda, na injini ndani ya sanduku la mapazia ya zamani. Pistoni mpya nimeshaagiza. Ni uvumilivu tu.

Ilibaki chupa ya oili ya Nyigu. Nimeiweka rafuni, kando ya chupa ya oili ya cherehani. Zinafanana kabisa, nani atashuku? Ili nisikosee nikaifunga kitambaa chekundu. Halafu nikashtuka: mke wangu anajua chekundu ni cha Nyigu, akikiona tu nimekwisha! Nikakivua na kukifunga kwenye ile ya cherehani. Akili haijanitupa.

Namsikia ananiita kutoka bandani. Yuko katikati ya gauni la bibi harusi, jeupe, la kesho asubuhi, na cherehani imeanza kulia. Anaomba nimpelekee oili yake upesi.

Naenda sasa hivi. Ni ile isiyo na kitambaa.